Fidla Iliyoingia Kwenye Kimya

Nyumba namba sita, ghorofa ya tatu,
Nyuma ya Ukumbi wa Muziki.

Jumapili, tarehe 16 Machi.

Mpendwa Dada yangu Mkubwa,

Pokea salamu kutoka kwa mdogo wako, salamu nzito za kubebwa na watu wawili. Mimi sijambo. Nakula, nalala, na kile kiuno kilichokuwa kikinisumbua kimechoka chenyewe kikaniacha. Wasiwasi wangu ni juu yako. Barua yako iliyopita ilisema goti limepona kabisa, lakini nimeichunguza dirishani, mistari yote imelalia upande mmoja, kama ya mtu anayeandika huku mguu ameuweka juu ya kiti. Usinichezee, Dada. Nimetembea nchi nne, nimekutana na waongo wa kila aina, na wewe kudanganya hujui. Limepona, au umechoka kuulizwa?

Shemeji je? Anameza dawa zake, au bado anazificha chini ya mto na kusema zimeisha? Na Mama Mdogo, ile presha imeshuka? Mwambie nilimwota amevaa gauni la kijani anacheka. Kama hana gauni la kijani, basi ajue amedhulumiwa na wanawe.

Bahasha hii nimeipaka gundi mara mbili. Ikikufikia imefunguka, ujue kuna mkono umeingia. Simtaji mtu, lakini karani wa posta ya hapa ananitazama kuliko kazi yake inavyomtaka.

Sasa nije kwenye lililonishikisha kalamu. Najua binamu yetu fundi cherehani amekwisha kukufikishia kwamba binti yako aliaibika jukwaani mbele ya ukumbi mzima. Najua kwa sababu yule hajawahi kukaa na habari mdomoni zaidi ya robo saa. Ulichosikia ni kipande tu, tena kimekatwa vibaya. Nataka uipate nguo nzima kutoka kwangu. Kaa chini, nyoosha hilo goti, usome.

Unakumbuka Chiriku alipokuja kwangu mwaka jana alikuwa na sanduku moja la nguo na fidla moja, na aliyepewa kitanda kwanza ni fidla. Aliupita mtihani wa okestra nyuma ya pazia. Ndivyo wanavyofanya hapa: pazia zito linashushwa, mtahiniwa anavua viatu ili hata mwendo wake usijulikane, anapiga, na wanaomsikiliza hawajui ni mrefu, mfupi, mtoto wa nani. Mimi siku ile waliniamuru nikae nje ya jengo kabisa, nisije nikakohoa kwa namna ya kutoa ishara. Walinishuku! Mimi! Ingawa, tuseme ukweli, kikohozi nilikuwa nimekiandaa.

Lakini kupita mtihani siyo kupata kazi. Unapewa miezi kumi na miwili ya majaribio, halafu wakuu watano wa safu za vyombo wanakaa kwenye chumba na kupiga kura. Ubaki au uende. Kura ya Chiriku ilipangwa Ijumaa ya wiki iliyopita. Akikosa hapo, okestra nyingine ya maana iko mbali mno, na ungempata nyumbani kwako akifundisha watoto wa shule nyimbo za kuhesabu vidole. Hilo ndilo lililokuwa mezani, Dada. Kila kitu nitakachokueleza kikupitie ukilijua hilo.

Mimi kwangu kazi ni matoazi, zile sahani mbili za shaba. Nakaa nyuma kabisa, nahesabu vipande, yaani vijisehemu vya wimbo vyenye mapigo sawa, mia moja themanini na saba vya kimya changu, nasimama, napiga mara moja, nakaa. Wasiojua husema ni kazi ya mvivu. Waje wahesabu wao. Shule niliiacha darasa la sita, lakini kuhesabu, hata maprofesa wa fidla hugeuka kuniangalia wakipotea.

Katika fidla, watu hukaa wawiliwawili, stendi moja ya nota kwa watu wawili. Wa nje anapiga tu, wa ndani ndiye anayegeuza kurasa. Chiriku alipangwa wa ndani, stendi ya tatu. Wa nje ni mama mmoja mtu mzima anayeitwa Bi Saa, kwa kuwa tangu wengine tukiwa na nywele hajawahi kuingia mapema wala kuchelewa. Ni mwembamba, mnyoofu, koti lake limepigwa pasi mpaka linakata. Salamu yake ni kuinua kidevu. Mimi ameniinulia kidevu miaka kumi na tisa na sijajua kama ananipenda au anajinyoosha shingo.

Jumamosi ya kwanza ya Februari, saa kumi alasiri, tulikuwa na onyesho la wimbo mmoja mrefu, dakika hamsini. Sehemu yake ya tatu ina mahali ambapo kila kitu kinashuka, inabaki filimbi moja, laini kama mtu anayepuliza chai. Halafu na filimbi inakufa. Halafu kimya cha vipande vitatu. Kimya kabisa, watu themanini wamezuia pumzi. Kisha fidla zote zinaingia kwa pamoja kama mlango uliopigwa teke na upepo.

Siku hiyo, katikati ya kile kimya, fidla iliingia. Moja, peke yake, kwa nguvu zote. Nilikuwa nimeinama naokota kitambaa changu cha kufutia matoazi. Nilipoinua kichwa, watu themanini wanamtazama binti yako, upinde bado uko juu ya waya, uso wake umekauka. Mzee mmoja mstari wa mbele alitabasamu. Lile tabasamu nalichukia hadi leo.

Hakuna aliyemgombeza, na hapo ndipo nilipoogopa. Wanamuziki hawa hawagombani kwa maneno, Dada, wanakuwa na adabu. Ukiona mpiga selo, ile fidla kubwa ya kushikwa kwa magoti, anakupisha mlangoni siku tatu mfululizo, jua habari yako imekwisha. Chiriku alipishwa mlangoni wiki nzima.

Wewe unawaona kwenye picha wamevaa nyeusi wametulia, unadhani ni watu wa amani. Mimi ninaishi nao. Mpiga filimbi wetu bado anajilaumu kwa pumzi moja aliyovuta vibaya miaka saba iliyopita. Hakuna aliyeisikia isipokuwa yeye, lakini ukipita chumba chake cha mazoezi utasikia anairudia palepale. Mpiga besi husema na besi yake kwenye ngazi, polepole mama, polepole. Mpiga zumari huchonga mwenyewe vile vijani vya tete vya mdomoni, na akimaliza hukusanya hata vumbi lake mfukoni asije mtu akajua amechonga unene gani. Kila mmoja ana mapenzi ya wazimu kwa kitu ambacho kikishapigwa kimekwisha, huwezi kukishika, huwezi kukiuza tena kesho. Watu wa mapenzi kama hayo, ukiwasukuma kidogo, watafanya lolote. Ndiyo maana nilianza kuchunguza.

Maana mimi sikuamini hata dakika moja. Mtoto ninayesikia akihesabu vipande huku anapiga mswaki, akosee kimya cha vipande vitatu? Nikasema hapa kuna mkono wa mtu.

Wa kwanza kumshuku alikuwa mpiga zumari, kwa sababu mpwa wake alishindwa mtihani uleule wa pazia. Nikamkalia jirani siku mbili wakati wa chai. Alichofanya ni kuniuliza kama nina wembe mzuri. Nikamtoa kwenye orodha, ila kwa penseli.

Nikaenda kwa mtunza nota, yule bwana wa chumba cha chini mwenye makabati. Nikamwambia naomba karatasi za stendi ya tatu ya fidla, nataka kuangalia kitu. Akasema, "Wewe Radi, tangu lini unasoma nota za fidla? Zako zina alama moja." Nikamjibu kwamba alama moja ikipigwa vizuri inatosha. Akacheka, akanitolea.

Dada, ukurasa ule ulikuwa umechafuliwa. Wanamuziki huandika kwa penseli kwenye nota, ni kawaida. Mahali pa hatari huchora miwani, yaani fungua macho. Lakini kwenye ukurasa huu miwani ilikuwa minne. Kulikuwa na mishale, namba kubwa kama za mlango wa nyumba, na juu ya kile kimya pameandikwa kwa herufi nene: FILIMBI INANYAMAZA HAPA. Nikajiuliza, ni nani mwenye masikio anayehitaji kuandikiwa kwamba filimbi imenyamaza? Jibu nililojipa, na nilijipa kwa majivuno sana, ni kwamba Bi Saa aliujaza ukurasa takataka ili mtoto achanganyikiwe. Nilitoka pale nimefura kama askari aliyekamata mwizi.

Bado nilitaka ushahidi. Maonyesho yetu yote hurekodiwa. Fundi wa sauti ana deni kwangu la ukimya, mambo ya zamani ambayo hayakuhusu, basi akanikalisha kwenye kijumba chake na kunivisha vile vipokea sauti vikubwa. Akarudisha pale mahali. Filimbi ikafa. Kimya. Halafu fidla. Nikamwambia rudia. Rudia tena. Mara ya nne nikavikandamiza vipokea sauti masikioni. Haikuwa fidla moja. Kulikuwa na sauti nyembamba iliyotangulia, unywele tu, na sauti ya pili nene ikaja juu yake ikaifunika. Sauti ya fidla ya mtu ni kama mwendo wake, huwezi kuificha kwa jamaa wa nyumba moja. Ile nene ilikuwa ya Chiriku. Ile nyembamba haikuwa yake.

Nikasema, ahaa! Bi Saa kaingia makusudi kumtega mtoto, mtoto kamfuata. Nikapanda ngazi zote tatu za nyumbani bila kupumzika.

Chiriku alikuwa anabadilisha waya wa fidla mezani. Nikamweleza yote, mishale, miwani, vipokea sauti, na mpango wangu wa kulipeleka jambo kwa wakuu wa safu asubuhi. Aliendelea kuzungusha kile kigingi cha waya, hakuinua macho.

"Mjomba," akasema, "ile mishale nilichora mimi."

"Unamlinda!"

"Ndiyo, namlinda. Kaa."

Nikakaa. Ndipo nilipojua. Bi Saa masikio yake yanaondoka, Dada. Sauti kubwa anazipata, sauti laini hazimfikii tena. Chiriku aligundua mwezi wa pili wa kukaa naye. Hakumwambia, wala Bi Saa mwenyewe hakusema. Chiriku akaanza kuandika kwenye nota yale ambayo mwenzake hasikii, na kila wanapotakiwa kuingia baada ya kimya, anauinua upinde juu kidogo kuliko kawaida, ili jirani yake auone kwa pembe ya jicho. Miezi tisa wamepiga hivyo. Hakuna aliyejua, hata mimi ninayejua kila kitu.

Siku ile ya Februari feni ya jukwaani ilipeperusha ukurasa alioufungua ukarudi nyuma. Katikati ya kimya. Chiriku akaunyoosha upinde haraka ili akandamize karatasi kwa ncha yake. Bi Saa akaona upinde umeinuka. Akaingia.

"Niliposikia ameanza," Chiriku akasema, "nikapiga juu yake kwa nguvu, wanitazame mimi. Mjomba, upinde niliuinua mimi. Kosa ni langu."

Nikamwambia kosa ni la feni. Hakucheka. Akanishika mkono akaniapisha kwamba sitamwambia mtu, si wakuu wa safu, si mwongozaji, si wewe. Vidole vyake vya kushoto vimekuwa vigumu kama kwato, Dada, ungevishika ungelia. Nikaapa.

Kiapo changu kilidumu siku tisa, na kwangu hiyo ni rekodi. Kilichokivunja ni ripoti. Kabla ya kura, jirani wa stendi lazima aandike mistari michache juu ya mtu wa majaribio, na neno lake ndilo linalosikilizwa kuliko yote. Mtunza nota ndiye anayekusanya zile karatasi, na mtunza nota akinywa chai mbele ya rafiki huwa hana mlango. Bi Saa alikuwa ameandika: Anapiga kwa moyo mkubwa, lakini hahesabu.

Hahesabu! Yeye! Nikamshuku tena yule mama kwa nguvu mpya. Nikasema haiwezekani asijue. Mtu anajua ameingia au hajaingia. Anajua, anamwacha mtoto aangamizwe, na anaweka sahihi.

Jumanne alasiri nikaenda kwake. Anakaa jengo la njano lenye ngazi za nje. Nikagonga, kimya. Nikagonga tena, kimya, na ndani fidla inalia. Mlango ulikuwa wazi kidogo, nikausukuma. Dada, nilichokiona nilidhani ni uchawi. Yule mama amesimama kauelekea ukuta, kichwa cha fidla amekiegemeza kwenye mlango wa kabati la nguo, taya limeng'ang'ania kile kikalio cha kidevu, macho amefumba, anapiga. Kabati zima linatetemeka, hanga za nguo ndani zinagongana. Nikaanza kurudi nyuma nikimtaja Mungu. Halafu akili ikanijia. Alikuwa anaisikia kwa mbao. Mbao zinaipeleka sauti kwenye taya, na taya linaipeleka anakojua mwenyewe.

Alikuwa anapiga palepale. Yale mapigo ya baada ya kimya. Anaacha, anahesabu kwa midomo, anaingia. Anaacha, anahesabu, anaingia. Sijawahi kusikia mtu anaingia mahali pake namna ile, mara kumi, bila kuteleza. Na mimi nimesikia wengi.

Akageuka akaniona. Akainua kidevu. "Umekuja kunibembeleza nibadilishe ripoti."

"Sikuja kubembeleza," nikamwambia. Hakusikia. Nikapandisha sauti. Bado. Nikapiga ukelele, "SIKUJA KUBEMBELEZA, BI SAA!" Mlango wa jirani ukafunguka, mama mmoja mwenye taulo kichwani akauliza kuna nini. Wewe fikiria, siri niliyoapa kuitunza, naitoa kwa sauti ya mnada.

"Mbona unapiga kelele?" Bi Saa akaniambia. "Mimi si kiziwi."

Nikafunga mlango. Nikatoa programu ya onyesho mfukoni, nikaandika nyuma yake yote, kwa mwandiko wangu huu unaoujua. Ukurasa uliorudi, upinde, sauti mbili kwenye rekodi, ipi ilitangulia. Nikampa. Alisoma kwa muda mrefu mno, nikadhani ananitafutia makosa.

"Mwandiko wako mbaya," akasema.

"Shule niliiacha mapema."

"Umeandika kwamba niliingia mimi."

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Na yeye akanifunika."

Nikatikisa tena.

Akakaa kitandani. Akasema polepole, na hapa nitakupa maneno yake kama yalivyo kwa sababu hayanitoki kichwani. "Masikio yamechoka, hilo nalijua. Lakini hesabu, Radi! Hesabu haikai masikioni. Nilijua hesabu ninayo. Nilidhani yeye ndiye aliyeanza, mkono wangu ukamfuata." Halafu akaniuliza, "Ule upinde aliokuwa akiuinua juu vile, miezi yote hii. Ilikuwa kwa ajili yangu?"

"Ndiyo."

"Mimi nilidhani ananikejeli. Nilidhani ananiambia, bibi, amka." Akaikunja ile programu mara mbili, mara nne. "Kila siku nilikuwa namshuku yule mtoto."

Basi tulikuwa wawili pale ndani, Dada, na sote tulikuwa tumemshuku mtu asiye na kosa. Nikatafuta neno la utani, mimi ambaye hata msibani huwa nina akiba. Sikulipata. Akaichukua fidla akaniambia, "Nenda zako, nina mazoezi."

Ijumaa alikwenda mwenyewe kwenye chumba cha kura. Aliiomba ripoti yake, akaichana mbele yao, akaandika nyingine pale pale akiwa amesimama. Halafu akawaambia nani aliingia. Kura zote tano zikasema Chiriku abaki. Binti yako sasa ni mwanamuziki wa kudumu, jina lake limechapwa kwa mashine na kubandikwa ubaoni, mimi nimelisoma mara sita nikijifanya naangalia ratiba.

Wakuu wa safu walimwambia Bi Saa amalizie msimu. Akakataa. Jumatatu alikuja mazoezini kuchukua mto wake wa kiti na kile kipande cha sandarusi anachopakia upinde. Fidla zote zikagonga pinde zao kwenye stendi, taratibu, taratibu, ndiyo makofi yao. Mpiga besi akapiga mguu chini. Mimi nilisugua matoazi yangu pamoja kidogo, kwa pembeni, yakatoa ile sauti kama mvua ya mbali. Chiriku peke yake hakugonga. Aliuweka upinde mapajani na kuangalia mbele. Nadhani aliona kuugonga ni kukubali aende.

Sasa anakaa pale stendi ya tatu na kiti kitupu pembeni, anapiga na kugeuza kurasa mwenyewe, mpaka watakapoleta mtu mwingine kutoka nyuma ya pazia.

Na mimi hanisemeshi. Siku tisa leo tangu kura. Anapika, ananiwekea sahani, anaifunika, anaingia chumbani. Tukihitaji kitu ananiachia karatasi mezani: Sabuni imekwisha. Siku ya kura aliniambia neno moja tu na ndilo la mwisho: "Mjomba, umenipa kiti, umemnyang'anya yeye." Nilitaka kumjibu kwamba nilikwenda kwa ajili ya haki yake. Lakini nimejishuku na mimi mwenyewe, Dada, zamu yangu imefika. Nilikwenda kwa ajili ya mtoto, au kwa kuwa sikupenda watu waseme mpwa wa Radi hajui kuhesabu? Nimeligeuza hili swali pande zote na kila upande lina uso wangu.

Jumanne iliyopita alitoka na fidla saa tisa bila kusema anakwenda wapi. Nikamfuata. Usinicheke, wewe ungefanya hivyohivyo. Alikwenda jengo la njano. Nikasimama kwenye ngazi za nje, yule jirani mwenye taulo akaniona, nikajifanya natafuta namba ya nyumba. Ndani sikusikia mazungumzo. Nilisikia kabati likitetemeka, halafu likaacha. Kimya kirefu. Mimi kwa mazoea nikahesabu. Kipande cha tatu kilipoisha fidla mbili zikaingia, na sikuweza kujua ipi ni ya nani. Mimi, niliyekuambia kwamba sauti ya mtu ni kama mwendo wake. Nikashuka kabla hawajaacha.

Sasa shida yangu kwako ni hii. Chiriku atakupigia simu, labda kabla barua hii haijafika, labda baada. Atakuambia amepata kazi ya kudumu na sauti yake itakuwa ya kawaida kabisa. Usiiamini. Nakuomba usipige vigelegele, na Shemeji asiingilie simu kuanza kumwita profesa. Usimpongeze kwanza. Mwulize amekula nini. Mwulize Bi Saa hajambo. Akinyamaza hapo, mwache anyamaze, hata kama simu inaendelea kuhesabu dakika, usijaze. Akimaliza kunyamaza ataongea. Na akitaja jina langu, hata kwa kulitukana, niandikie siku hiyohiyo. Asijue nimekutuma. Siku hizi anashuku watu kuliko mimi, sijui karithi kwa nani.

Nisalimie Shemeji, umwambie dawa si pipi za wageni. Mama Mdogo mbusu mikono yote miwili. Binamu fundi cherehani mwambie nimemsamehe, ila suruali yangu airudishe. Wale mapacha wa jirani wanaochungulia dirishani wavute sikio moja moja kwa niaba yangu, kwa upendo. Watoto wa kaka yetu marehemu uwasalimie mmoja mmoja, usiwasalimie kwa jumla, wanajua tofauti.

Mungu akuweke kwenye kiganja chake, akunyooshee goti, na awape wote mliomo humo nyumbani masikio ya kusikilizana mpaka uzee. Mimi ni yuleyule uliyembeba mgongoni, sasa mzito zaidi, mwenye makosa zaidi, na anayekupenda kuliko zamani,

Mdogo wako,
Radi